Gari ya Shamba Inalala Shamba

Binamu yangu wa Tanga alikuja kututembelea Unguja, na siku ya pili akataka kwenda Jambiani peke yake kuoga bahari. Aliondoka mjini saa nne asubuhi, akafika adhuhuri, akala samaki wa kupaka, akajilaza chini ya mnazi, na saa kumi na mbili kasorobo akasimama barabarani kungoja gari ya kurudi. Gari hazikukosekana. Zilipita moja baada ya moja, lakini zote zilikuwa zinatoka mjini, hakuna iliyokuwa inakwenda. Kila moja iliteremsha watu wake wawili watatu na mapolo yao ya unga, ikapinda uchochoroni, ikazimwa. Bibi mmoja aliyekuwa akianua mwani wake uani alimwangalia kwa muda, kisha akamwita.

"Mwanangu, gari ya shamba inalala shamba. Njoo ule, alfajiri utaipata."

Alilala kwa bibi yule. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji, na sisi huku mjini hatukupata usingizi. Tangu siku hiyo maneno ya bibi ndiyo ya kwanza ninayomwambia mgeni yeyote, awe ametoka Tanga, Mombasa, Dodoma au Kampala, kabla hajatua begi lake. Mengi ya kusafiri Unguja kwa gari za abiria yanatokana na hayo.

Kwetu sisi "shamba" ni kila mahali nje ya mji. Mvuvi wa Nungwi ambaye hajapata kushika jembe bado ni mtu wa shamba, na gari inayompeleka kwao ni gari ya shamba. Nyingi ya gari hizi ni za watu wa hukohuko: dereva na utingo wanakaa kijijini, na gari inalala karibu na mlango wao. Baada ya sala ya alfajiri inaondoka kuja mjini na wachuuzi wa samaki, kina mama wenye matenga ya ndizi na tungule, wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, wafanyakazi wa serikali, wanafunzi. Mchana na alasiri inawarudisha pamoja na walivyonunua: unga, sukari, mabati, godoro. Magharibi ikiadhiniwa, inakuwa imefika nyumbani au imekaribia.

Mgeni anayetaka kushinda pwani na kurudi kulala mjini anakwenda kinyume na siku ya gari. Inawezekana, na watu wanafanya, ila sharti ujue kuwa unakwenda kinyume. Ondoka mjini mapema, saa mbili au saa tatu. Usishangae gari ikikaa kituoni muda mrefu, kwa sababu saa hizo watu wanakuja mjini, hawatoki, na dereva haondoki na viti vitupu. Upande wa kurudi, anza kusimama barabarani saa tisa alasiri. Kwa vijiji vya mbali, kama Nungwi, Makunduchi na Michamvi, saa kumi ihesabu kuwa ndiyo mwisho wako, hata kama umesikia kuna gari ya baadaye. Huenda ipo. Huenda pia leo imeharibika, au dereva ana maziko.

Na jambo la kufanya kabla hujateremka pale ufikapo ni kumuuliza utingo: "Gari ya mwisho ya mjini inapita hapa saa ngapi?" Utingo anajua. Anajua nani leo hakutoka na nani amepeleka gari gereji. Akikwambia saa kumi, wewe uwe barabarani saa tisa u nusu.

Siku ya Ijumaa, baina ya saa sita na saa nane mchana, gari zinapungua sana, maana dereva, utingo na nusu ya abiria wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani hesabu yote inasogea: alasiri watu wote wanakimbilia nyumbani kwa pamoja, gari zinajaa mpaka mlangoni, na dakika chache kabla ya kufuturu barabara inakuwa tupu kabisa. Nimeona wageni wamesimama Darajani saa kumi na mbili na robo jioni ya Ramadhani wakidhani kuna mgomo. Na ile siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai, ukitaka kwenda Makunduchi, nenda asubuhi na mapema na uwe umeshapanga pa kulala au gari ya kurudi. Kisiwa kizima kinaelekea kusini siku hiyo.

Ikitokea umechelewa, usibaki kwenye kijia cha kijiji. Chukua boda mpaka njia panda kubwa, kwa sababu huko zinapita gari za vijiji kadhaa na uwezekano wa kupata nafasi ni mkubwa zaidi. Kwa upande wa kusini mashariki njia panda hiyo ni Paje, ambako barabara ya Jambiani na ya Bwejuu zinakutana na ile inayokuja mjini. Kaskazini ni Kinyasini. Simama pale, sema wazi unakwenda mjini, na mtu wa gari ya mzigo au ya hoteli anaweza kukuchukua kwa kiasi mtakachokubaliana. Kama giza limeingia na hujapata kitu, uliza nyumba ya kulala wageni. Usipande pikipiki ya mtu usiyemjua kwa safari ya kilomita hamsini usiku. Barabara za shamba hazina taa kila mahali, ng'ombe hulala kando yake, na gari za ng'ombe hutembea bila alama yoyote nyuma.

Sasa namba. Mtu akisimama kituoni mara ya kwanza huona namba za tarakimu tatu zilizoandikwa mbele ya gari na kudhani hazina mpango. Mpango upo. Zinazoanza na 1 zinakwenda kaskazini: 116 ni Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Zinazoanza na 2 zinakwenda mashariki, katikati ya kisiwa: 206 ni Chwaka, 214 Uroa. Zinazoanza na 3 ni za kusini: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Zinazoanza na 5 ni za mjini na vitongoji vyake: 502 inakwenda Bububu na 505 inakwenda uwanja wa ndege. Ukilishika hilo, hata namba usiyoijua itakupa mwelekeo. Anayekwenda Paje asitafute gari iliyoandikwa Paje. Apande 309 au 324, zote zinapita pale. Anayekwenda msitu wa Jozani kuona kima punju apande 309 au 324 pia, amwambie utingo mapema "mimi ni wa Jozani", naye atateremshwa mbele ya lango. Ile barabara ina matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima hao wanaovuka. Ukiona gari imepunguza mwendo katikati ya miti mirefu, umekaribia.

London kuna ramani ya reli za chini ya ardhi ukutani katika kila kituo. Mgeni anaweza kuzunguka mji mzima siku nzima bila kufungua mdomo, na kadi ndiyo inayolipa. Huku ramani iko vichwani mwa watu. Namba za barabarani hazitakufikisha kama huulizi, na ukiuliza utajibiwa, mara nyingi na watu watatu kwa pamoja. Kwa hiyo kila ushauri ninaoutoa hapa una sharti moja ndani yake: salimu, kisha uliza.

Uliza hasa kuhusu majina ya mahali, kwa sababu majina ya Unguja yanawachanganya watu wa bara na wa Kenya kuliko Wazungu. Mtu wa Dar es Salaam akisikia utingo anaita "Kariakoo!" au "Magomeni!" moyo unamruka. Ni Kariakoo yetu, ile yenye uwanja wa kufurahishia watoto siku za sikukuu, na Magomeni yetu. Mgeni wa Kenya akisikia "Mombasa! Mombasa!" ajue kuwa Mombasa ni mtaa wa hapa mjini, na Kisauni nao tunao. Kwa hiyo usitaje jina la mtaa peke yake. Taja na kitu kilicho karibu: skuli, msikiti, kituo cha mafuta, mwembe. "Nakwenda Magomeni, karibu na msikiti" itakufikisha.

Vituo navyo vina historia yake. Kwa miaka mingi kila safari ilianzia Darajani, mbele ya soko kuu lililofunguliwa 1904, kandokando ya barabara ambayo wazee wanaiita Creek Road na siku hizi ina jina la Benjamin Mkapa. Jina la Darajani linatokana na daraja la kweli: hapo zamani mkono wa bahari ulikuwa ukiingia ndani, upande mmoja Mji Mkongwe na upande wa pili Ng'ambo, na watu wakivuka juu ya daraja. Maji yamefukiwa na jina limebaki. Gari za abiria zimehamishwa mara kadhaa katika miaka yetu kwa sababu ya msongamano na ujenzi, na majina utakayoyasikia zaidi ni Darajani, Kijangwani, Mwembeladu na Mwanakwerekwe, ambayo watu huikata wakasema Kwerekwe. Usitegemee kitabu cha wageni cha miaka mitano iliyopita, wala ndugu yako aliyekuja kwenye harusi zamani. Usiku kabla ya safari muulize mwenyeji wako au mwenye duka la karibu: "Gari za Nungwi siku hizi zinapakia wapi?" Swali hilo moja litakuokolea saa nzima ya kuzunguka juani na begi begani.

Gari zenyewe ni za aina mbili tatu. Zipo basi ndogo kama za kwengine. Lakini ile ambayo mgeni huikumbuka ni lori dogo lililoezekwa paa na kutiwa mabenchi mawili marefu, moja kila upande, watu wakakaa wakielekeana. Unapanda kwa nyuma, unainama, maana paa liko chini, na ukishaingia ndani unajikuta umetazamana na watu kumi ambao wote wameshakuona. Hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenezeka. Sema "Assalaam alaykum" au "Habari za asubuhi" kwa sauti ya kusikika, si kwa mmoja, kwa wote. Utajibiwa, na magoti yatasogea. Utingo atasema "Jongeeni, jongeeni ndani," na utaona nafasi inapatikana pale ambapo uliapa haipo.

Nitaeleza safari moja kwa karibu ili uone ninachokisema. Nilikuwa kwenye gari ya Chwaka, mchana, wakati wa upepo wa kusi. Mbele yangu amekaa mama mwenye buibui na pakacha la pweza mapajani, pembeni yake mtoto wa skuli anasinzia. Tulipofika Dunga akapanda msichana na mtoto mchanga mgongoni na mkoba mkononi. Hakuna aliyesema neno. Mama wa pweza alinyoosha mikono, akapokea mtoto, mzee aliyekuwa mlangoni akapokea mkoba, msichana akapanda, akakaa, na mtoto akabaki mapajani mwa mama wa pweza, kando ya pakacha, mpaka tulipofika. Msichana hakumwomba na hakumshukuru kwa maneno mengi. Alisema "ahsante bibi" tu alipompokea mwanawe. Wewe mgeni utapewa kitu siku moja: mtoto, kapu, begi la mtu, kuku aliyefungwa miguu. Kipokee. Na ukiwa na begi na umesimama, mtu aliyekaa akinyoosha mkono, mpe. Anataka kukupunguzia uzito, na halitapotea.

Mpangilio wa kukaa una adabu yake. Mwanamume akiona nafasi baina ya wanawake wawili hajipenyezi. Anangoja utingo awapange watu. Mzee akipanda, kijana ananyanyuka au anasogea nje. Nguo nazo zinasema. Kanga iliyofungwa kifuani ni vazi la ufukweni. Ndani ya gari funika mabega na magoti, mwanamke na mwanamume. Usipige picha za watu bila kuomba, hasa kina mama. Mwezi wa Ramadhani, hata kama wewe hufungi, usile wala usinywe maji ndani ya gari mchana. Kunywa kabla hujatoka, au jisitiri ndani ya nyumba. Watu hawatakugombeza, lakini watanyamaza, na kimya hicho kwetu ni kizito.

Weka mikono ndani. Gari hizi zina ubavu wazi, na barabara za shamba zina matawi ya miembe na gari nyingine zinazopita karibu sana. Usining'inie kwenye ngazi ya nyuma kama vijana wanavyofanya, hata ukiambiwa ni karibu tu. Mvua za masika, Machi mpaka Mei, turubai la pembeni huteremshwa na waliokaa pembezoni hulowa bega moja. Kaa katikati kama unabeba kitu kisichotaka maji. Na gari ikiwa imejaa kupita kiasi, au dereva anaendesha kwa fujo, teremka. Sema "Nateremka hapo", lipa nauli yako mpaka ulipofika, ngoja nyingine. Hakuna pwani inayostahili roho ya mtu.

Nauli za mjini huhesabiwa kwa mamia, za shamba kwa elfu chache. Teksi ya kwenda Nungwi, safari ya takribani kilomita 60, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na inafika kwa karibu nusu ya muda. Hiyo ndiyo tofauti unayoinunua. Familia ya watu watano wenye mabegi, au mtu aliyefika usiku, ana haki ya kuchukua teksi na asijione amefanya israfu. Lakini nauli ya gari za abiria ina utaratibu wake. Hulipi ukipanda. Utingo atakuja njiani, au atatikisa sarafu kiganjani mwake akikutazama, na hapo ndipo unatoa. Huku analipwa taslimu, kwa hiyo uwe na noti ndogondogo. Noti ya elfu kumi asubuhi, kwa safari ya Bububu, inamsumbua utingo na abiria wote wanaongoja chenji. Ukitaka kujua nauli sahihi, muulize abiria kabla ya kupanda, usimuulize utingo. Niliwahi kuwa ndani ya gari ambapo utingo alimtoza mgeni wetu wa Mombasa nauli maradufu kwa sababu ya lafudhi yake. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kona, ambaye tangu tuondoke hakusema kitu, alisema, "Mrejeshee mgeni pesa yake." Ikarejeshwa papo hapo. Haukuhitajika ugomvi. Ukidhani umezidishiwa, usipaaze sauti, geuka kwa aliye karibu nawe na umuulize kwa upole, "Bibi, nauli ya hapa si kadha?" Gari itamaliza yaliyobaki.

Mzigo mkubwa unakwenda juu ya paa au chini ya miguu, na pengine utalipishwa nauli yake. Kubalianeni kabla haujapandishwa. Pesa, pasi na simu visiende juu.

Kuteremka pia kuna maneno yake. Sema mapema, kwa sauti: "Nateremka kwenye mwembe," "Nateremka baada ya skuli." Utingo atagonga bodi la gari kwa kiganja na dereva atasimama, akigonga tena, wanaondoka. Usisubiri mpaka uwe usawa wa unapokwenda.

Nina dukuduku moja, na nalisema kwa sababu mgeni ana nguvu pale ambapo sisi tumezoea. Asubuhi utaona wanafunzi wamejipanga barabarani na gari zinawapita, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo na tingo wanamtaka abiria wa nauli kamili. Ukiwa ndani, na kuna nafasi ya kujongea, sema: "Mpakie mtoto huyo." Mara nyingi inatosha mtu mmoja mzima kusema.

Ndani ya Mji Mkongwe wenyewe hakuna gari ya abiria. Vichochoro vyake, vilivyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, vilijengwa kwa ajili ya miguu na punda. Gari zinazunguka ukingoni, nawe unatembea. Ni mji mdogo. Ukipotea, na utapotea, endelea kutembea upande mmoja na utatokea baharini au Darajani. Jihadhari na vespa kwenye kona. Ukisikia honi, egemea ukuta. Vijana watakaokufuata wakitaka kukuonyesha njia kwa malipo tunawaita mapapasi. Wajibu kwa heshima, "Ahsante, mimi mwenyeji", kwa Kiswahili kilichonyooka, na wengi watakuacha. Njia muulize muuza kahawa au mzee aliyekaa barazani.

Kwa mgeni anayetaka kujaribu kidogo kabla ya kwenda mbali, nampa 502 ya Bububu. Ni fupi, zipo nyingi, inapita Mtoni na Maruhubi kwenye magofu ya majumba ya masultani, na bahari unaiona kushoto kwako kila inapojitokeza baina ya nyumba. Njia hii ndiyo babu wa zote. Mwaka 1905 reli ya abiria ilianza kazi kutoka mbele ya Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba, ikipita katikati ya nyumba za Malindi na Darajani. Gari za mafuta ziliishinda, na kufikia miaka ya 1920 treni ya abiria ilikwisha. Jina la daladala, ambalo wengi huziita gari hizi, lilikuja baadaye sana kutoka Dar es Salaam, na husimuliwa kuwa limetokana na nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala.

Kabla ya gari yoyote, lakini, wengi wenu mtakuja kwa boti. Kutoka Dar es Salaam mpaka bandari ya Malindi ni takribani saa mbili kwa boti ziendazo kasi. Kata tiketi ofisini, usimpe pesa mtu wa nje ya geti hata akiwa na kitambulisho shingoni. Chukua kitambulisho chako, kwa sababu jina la kwenye tiketi litalinganishwa nacho. Asiye Mtanzania awe na pasi. Fika saa moja kabla. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, bahari ya mkondo wetu ni nzito: kaa chini, nyuma, katikati, na usile mafuta mengi asubuhi hiyo. Na tafadhali, ukiona chombo chochote kinapakia watu na mizigo kupita kiasi, usipande. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu wetu hawakurudi, na hakuna mtaa Unguja usio na jina la mmoja wao. Kuahirisha safari si aibu. Ofisi inakupa tiketi ya kesho, nasi tutakuwekea chakula.

Bandarini mahamali watalikimbilia begi lako. Ni kazi yao, na begi zito ni vizuri kulibebesha. Mkubaliane bei kabla halijaondoka mkononi mwako, na utembee nalo usawa.

Siku ya kuondoka, kama unaruka kwa ndege, 505 itakufikisha uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Kiembe Samaki, kwa nauli ya kikombe cha kahawa na kashata. Asubuhi yenye wanafunzi na wafanyakazi panda saa mbili kabla ya wakati uliopanga, au chukua teksi kama ndege yako ni ya alfajiri. Mwambie utingo "nateremka uwanjani" mara unapokaa, uweke begi baina ya magoti, na umwache aliye mbele yako aegemeze kapu lake juu yake akitaka.